Nyumba ya Kompyuta Haivuji

Ukitembelea ploti za Mowlem utajua maana ya kubanana. Jirani akikaanga vitunguu, macho yanakuwasha wewe. Saa sita mchana, stima imewashwa sebuleni.

Sasa sikia mambo ya wasanifu majengo wa ng'ambo. Second Life, ulimwengu ulio ndani ya kompyuta tu, ilipozinduliwa mwaka wa 2003, baadhi yao walikimbilia huko kujenga majumba yasiyokanyagika. Msisimko ukapoa. Mwaka wa 2021 kampuni ya Facebook ikajiita Meta, ngoma ikaanza upya. Mwaka wa 2022, Zaha Hadid Architects wa London wakabuni mji mzima humo humo.

Huko mvua hainyeshi na nguzo hazichoki. Huku kwetu, usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jengo la orofa liliporomoka mtaani Huruma, likaua watu zaidi ya 40.

Sisemi kompyuta ni mbaya. Ikitumiwa kupiga hesabu ya uzito na kuonyesha jua litaingilia wapi, inaokoa maisha. Shida ni ile picha inayong'aa kwenye bango la nyumba ambayo haijachimbiwa hata msingi.

Kabla hujatoa malipo ya kwanza, uliza: mhandisi ni nani? Kaunti imeidhinisha mchoro? Maji yatafika orofa ya tano? Usiuziwe mbuzi kwenye gunia, hata gunia likiwa la kompyuta.