Kabla mama hajapanda ndege kwenda maonyesho Dubai

Jumapili moja jioni, mwezi Septemba, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliketi na mumewe mezani nyumbani kwao Tabata. Watoto wote watatu walikuwa wamelala. Mezani kulikuwa na daftari lenye mistari miwili tu. Mstari wa kwanza uliandikwa Sh7 milioni, akiba yake pamoja na mkopo wa kikoba. Wa pili uliandikwa Sh1.8 milioni, ada ya Januari ya watoto wawili wakubwa.

"Huu mstari wa pili haupandi ndege," mume alisema.

"Haupandi, baba watoto. Ndiyo maana nataka tuuandike, nikifika kule nisije nikasahau," mke alijibu. Wote wawili wakatia saini.

Safari yenyewe ilikuwa ya GITEX, maonyesho ya teknolojia yaliyoanza Dubai mwaka 1981. Kwa miaka mingi yamefanyika Oktoba katika kumbi za Dubai World Trade Centre, na miaka ya karibuni waandaaji wamekuwa wakitangaza waonyeshaji zaidi ya 6,000. Kwa mwaka 2026 wametangaza kuyahamishia Expo City na kuyasogeza hadi Desemba. Mzazi anayepanga kwenda na athibitishe tarehe na ukumbi kabla ya kukata tiketi. Akumbuke pia kwamba Desemba na ada ya Januari ni majirani wa mlango kwa mlango.

Swali moja, si ishirini

Anayeingia kwenye maonyesho makubwa bila swali hutoka na mfuko wa vipeperushi. Mama huyu aliandika swali lake ukurasa wa kwanza wa daftari: nani ataniuzia chaja zenye vyeti vya ubora, kwa oda isiyozidi vipande 300, na kunipa sampuli kabla sijalipa?

Vyeti havikuwa pambo. Wafanyabiashara wa simu hawajasahau Juni 16, 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchini. Mzigo usio na karatasi unaweza kuwa wa bei nafuu Dubai na ukawa hasara Dar es Salaam.

Wiki mbili kabla ya kuondoka alipitia orodha ya waonyeshaji kwenye programu ya maonyesho, akachagua mabanda 15 na kuyapanga kwa ukumbi, siku moja ukumbi mmoja au miwili. Alichapisha kadi za biashara. Viatu vipya alivyonunua aliviacha kabatini, akachukua vile vilivyokwisha kuuzoea mguu. Kwenye mkoba aliweka khanga, kwa sababu nje Dubai ya Oktoba bado ni joto kali, lakini ndani ya kumbi kiyoyozi hupiga mpaka mifupani.

Pawabenki aliibeba mkononi, kwani haiwekwi kwenye begi la mzigo. Adapta hakuhitaji, soketi za kule ni za pini tatu kama zetu. Dawa zake alizifungasha na cheti cha daktari. Falme za Kiarabu zina sheria kali, na baadhi ya dawa za maumivu ambazo huku watu wanazijua kwa jina, kule zinahitaji kibali.

Watoto waambiwe nini

Bibi alikuja kutoka Muheza siku tatu kabla, ili watoto wamzoee mama akiwa bado yupo. Hilo lilisaidia sana kwa yule wa miaka mitatu, ambaye hajui "siku saba" ni nini. Bibi alimfungia mafundo saba kwenye kamba. Kila usiku wangefungua fundo moja, na yakiisha mama anarudi.

Wa darasa la nne aliuliza lile ambalo kila mzazi anayesafiri huulizwa: "Mama, utaniletea tableti?"

Ni rahisi kusema "tutaona" na kupanda gari. Mtoto huisikia "tutaona" kama "ndiyo", akawatangazia wenzake shuleni. Mama alimketisha. "Tableti hapana, mwanangu. Naenda kutafuta mzigo wa duka. Nitakuletea kitu kidogo, na nitakusimulia kila roboti nitakayoiona." Mtoto alinuna siku nzima, lakini alinuna akijua ukweli.

Simu iliyokataa

Kosa lao moja lilikuwa la mawasiliano. Mama aliahidi kupiga simu ya video kila siku saa mbili usiku ya Dubai, ambayo ni saa moja usiku Dar es Salaam. Usiku wa kwanza alipiga WhatsApp, haikuunganisha. Akapiga tena na tena. Nyumbani, mdogo alikuwa amekaa mbele ya simu ya baba na kamba yake mkononi. Alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Mama alikuwa hajui kwamba kwa muda mrefu Falme za Kiarabu zimekuwa zikizuia simu za sauti na video za WhatsApp. Ujumbe wa maandishi na wa sauti hupita. Wakazi wengi wa kule hupiga kwa programu zilizoruhusiwa, kama BOTIM. Wazazi waipakue pande zote mbili na kuijaribu kabla ya safari, si usiku wa kwanza hotelini.

Kuanzia siku ya pili alituma ujumbe wa sauti saa ileile. Kila mtoto alipata wake, kwa jina lake. Mdogo aliusikiliza mara tano, akafungua fundo, akalala.

Ndani ya kumbi

Asubuhi ya kwanza treni ya metro ilijaa. Aliingia behewa la wanawake na watoto, akaificha chupa yake ya maji mkobani, maana kula na kunywa ndani ya metro hutozwa faini. Kituo cha World Trade Centre kilipofika hakuhitaji kuuliza njia, umati ulimchukua.

Ndani kulikuwa na skrini kubwa kuliko nyumba yake, roboti zinazotembea, na vijana waliotaka kuskani beji ya kila apitaye. Hadi adhuhuri alikuwa amesimama kwenye mabanda tisa, na mawili tu yalikuwa kwenye orodha yake. Miguu iliuma, kichwa kikawa kizito.

Alitafuta kona akakaa, akanywa maji, akafungua daftari na kulisoma swali lake. Tangu hapo alijiwekea utaratibu: mabanda manne kabla ya chakula cha mchana, matatu baadaye, na mapumziko kila baada ya saa moja na nusu. Kila alipotoka kwenye banda aliandika mambo matatu papo hapo: bei, kiwango cha chini cha oda, na kama alikiona cheti kwa macho yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kufikia jioni sura na bei za mabanda saba huwa zimechanganyika.

"Ofa ni ya leo tu"

Siku ya tatu alipata chaja nzuri, bei karibu nusu ya anayonunulia Kariakoo. Sharti lilikuwa vipande 2,000, nusu ya malipo siku hiyohiyo. Muuzaji alikuwa mcheshi na cheti alikionesha. Fedha ya mstari wa kwanza isingetosha. Ile ya ada ilikuwa kwenye simu ya mume, na dakika mbili tu zingetosha kuihamisha.

Alimtumia mumewe ujumbe wa sauti akieleza yote. Jibu lilikuja fupi: "Mama watoto, biashara unaijua wewe kuliko mimi. Lakini tulitia saini wote wawili."

Alikasirika kidogo. Kisha akamwambia muuzaji kwamba atajibu baada ya wiki, akachukua sampuli mbili na kadi. Muuzaji akamgeukia mteja mwingine.

Baada ya kurudi

Fundo la saba lilifunguliwa mama akiwa mlangoni. Siku ya kwanza hakwenda dukani. Alilala, akala na watoto, akamsimulia wa darasa la nne kuhusu roboti kama alivyoahidi, na kumpa kalamu na daftari kutoka kwenye banda moja. Siku ya pili aliwaandikia waonyeshaji watano aliowawekea alama, kabla nao hawajamsahau.

Ile bei ya nusu haikurudi tena. Muuzaji alishikilia vipande 2,000, na kwa wiki kadhaa mama aliumia kila alipopita mtu na chaja ya aina ile. Mwingine, wa banda la siku ya nne, alikubali vipande 300 kwa bei ya juu kidogo. Mzigo ulifika Februari.

Kufikia hapo ada ilikuwa imeshalipwa na watoto walikuwa darasani. Daftari bado liko kabatini, na mume na mke wamekubaliana kwamba safari nyingine, kama itakuwepo, itaanza kwa mistari hiyohiyo miwili.