Kirusi Kinachoshindwa na Joto: Mtihani kwa Kiswahili Ukambani

Wapo wanafunzi wa Kiswahili wanaodhani kwamba mjadala kuhusu istilahi za sayansi ni wa kumbi za makongamano tu. Laiti wangefika Mutomo au Kibwezi wakati wa kiangazi, wangeukuta mjadala huo umelala ndani ya kikapu. Mfugaji wa kuku wa kienyeji amenunua kichupa cha chanjo ya kideri, ule ugonjwa ambao wataalamu huuita Newcastle na ambao Tanzania hujulikana pia kama mdondo. Ana mwendo mrefu chini ya jua kabla ya kufika nyumbani. Muuzaji amemwambia kwamba chanjo hiyo “inastahimili joto”. Akielewa kwamba inastahimili jua, ataiua njiani. Kuku wakifa baadaye atasema chanjo ni ulaghai, na majirani hawatakuwa na sababu ya kutomwamini.

Kosa hilo si la mfugaji. Ni kosa la lugha iliyompa neno moja mahali palipohitaji mawili au matatu.

Katika elimu ya virusi joto hutajwa kwa maana zinazotofautiana. Maana ya kwanza ni ya maabara. Jeni ya kirusi ni agizo la kuunda protini, na protini hufanya kazi ikiwa imejikunja kwa umbo lake. Badiliko dogo katika jeni laweza kuzaa protini inayojikunja vyema katika joto la chini lakini inayolegea na kupoteza umbo joto likipanda. Kirusi chenye badiliko hilo huishi kama kawaida katika joto la chini, na hukwama katika joto la juu. Kwa mtafiti huu ni ufunguo wa thamani. Hawezi kuichunguza jeni ya lazima kwa kuiondoa kabisa, kwani kirusi kitakufa naye atabaki mikono mitupu. Lakini akipata kirusi cha namna hii, hukikuza kwanza penye ubaridi, kisha huongeza joto na kutazama ni kazi gani iliyosimama. Akiongeza joto mapema au kwa kuchelewa, atajua pia jeni hiyo huhitajika wakati gani. Tena akiingiza virusi viwili vilivyokwama ndani ya seli moja vikasaidiana hadi vikazaana, ana sababu ya kuamini kwamba kasoro zao zimo katika jeni mbili tofauti.

Mfano bora wa mbinu hii, kwa bahati njema, ni wa kuku. Mwaka 1911 Peyton Rous alionyesha mjini New York kwamba uvimbe wa saratani ya kuku waweza kuambukizwa kwa majimaji yaliyochujwa yasibakize seli hata moja. Alingoja hadi 1966 kupewa Tuzo ya Nobel. Swali lililobaki ni hili: je, saratani hiyo hutokana na kuzaana kwa kirusi, au kuna jeni maalumu inayoisababisha? Mwaka 1970 G. Steven Martin, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza habari za kirusi cha Rous kilichobadilika. Katika nyuzijoto 36 seli zilizoambukizwa zilichukua sura ya saratani. Katika nyuzijoto 41 kirusi kiliendelea kuzaana, lakini seli zilirudia sura yake ya kawaida. Basi kuzaana ni kazi moja na kuleta saratani ni nyingine. Jeni hiyo ilikuja kuitwa src, na mwaka 1976 kundi la Bishop na Varmus likaonyesha kwamba jeni ya nasaba yake imo hata katika kuku mzima asiye na kirusi chochote. Watu hao wawili walituzwa Nobel mwaka 1989.

Maana ya pili ndiyo iliyo ndani ya kikapu cha Mutomo. Mwaka 1966 kirusi cha kideri kisicho na madhara, kilichoitwa V4, kilipatikana kwa kuku wa Queensland, Australia. Kutokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, ilipatikana baadaye aina ya I-2, iliyoteuliwa kwa kuwa huvumilia kukaa nje ya jokofu. Maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, imewahi kutengeneza chanjo ya aina hiyo. Ikiwa imekaushwa na kuwekwa gizani, huweza kudumu takriban wiki nane katika nyuzijoto 28. Gizani! Jua lenyewe huiharibu, ndiyo maana wafugaji hushauriwa kuifunga kwa kitambaa kilicholowa maji na kuibeba katika kikapu chenye kifuniko.

Sasa mwanaistilahi aketi na achague. “Virusi vinavyoathiriwa na joto” haitoshi, kwa kuwa hakuna kirusi kisichoathiriwa na joto. “Kirusi hisijoto” ni fupi na ya kuvutia, lakini inamfanya msomaji awaze kiumbe kilichobeba kipimajoto. (Nalo neno kirusi lenyewe lina historia ya kuchekesha: virusi liliingia kutoka nje, Waswahili wakaliona kama wingi wa KI-VI, wakalizalia umoja. Hakuna kamati iliyoketi.) Makala haya yanaunga mkono vitenzi vya kawaida: kirusi cha maabara kinashindwa na joto, chanjo inavumilia joto, haivumilii jua. Kitenzi humlazimu msemaji aseme nani anashindwa, na wapi, jambo ambalo nomino zilizobanwa pamoja hulificha.

Haina maana kwamba juhudi za awali zilikuwa bure. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka mwaka 1990, ni hazina. Tatizo ni kwamba orodha ya maneno imechukuliwa kuwa mwisho wa kazi. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini katika vyuo vyetu ni nadra tasnifu ya Kiswahili kueleza kwa aya nzima jinsi chanjo inavyofanya kazi. Tunachambua sitiari za mshairi kwa kurasa mia mbili, na sitiari ya “kustahimili” inayomponza mfugaji tunaipita bila kuiona.

Wanafunzi wanaotoka Kitui na Makueni, wenye Kikamba na Kiswahili kinywani, wangeweza kuanza na lebo ya kichupa. Nafasi iliyopo ni finyu: “Huvumilia joto kwa siku chache, haivumilii jua. Funga kwa kitambaa chenye maji. Tone moja, jicho moja, kila kuku. Rudia baada ya miezi minne.” Kisha isomwe kwa sauti sokoni Wote na Mwingi, wasikilizaji waombwe kueleza walichoelewa, na kila watakapokosea libadilishwe neno, si msikilizaji.