Mwandikie Mtoto Yaliyo Kweli

Jioni moja binti wa jirani, mwanafunzi wa darasa la nne, alinikuta barazani nikisahihisha karatasi zangu. Baada ya shikamoo akaomba nimsomee. Nikamsomea kurasa mbili za kitabu nilichokuwa nikiwaandikia watoto juu ya Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu: jinsi Waingereza walivyoingia Dar es Salaam Septemba 1916, jinsi jemadari wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck alivyosalimu amri Novemba 1918, na jinsi wapagazi walivyobeba mizigo ya majeshi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Babu, hao wapagazi walikuwa wanakula nini?"

Sikuwa na jibu. Kurasa zangu zilijaa majemadari na tarehe, tumbo la mtu nimelisahau.

Ikanibidi nirudi kusoma upya. Wengi walipewa posho ya unga wa mahindi, na miongoni mwao walikuwamo watu waliozoea ndizi, wengine mtama au wimbi. Jioni wamechoka, kuni zimelowa, sufuria haitoshi, wakaula unga haujaiva. Matumbo yakaharibika. Kuhara damu na maradhi mengine yakawaua wapagazi wengi kuliko risasi zilivyowaua. Habari hiyo mtoto anaielewa, maana naye ana tumbo.

Tena iko karibu naye kuliko anavyodhani. Waingereza walikiita kikosi cha wapagazi hao Carrier Corps, na mahali kilipopiga kambi Dar es Salaam ndipo tunapopaita Kariakoo. Kariokor ya Nairobi imezaliwa na neno hilohilo. Watoto wetu hununuliwa sare na viatu Kariakoo kila Januari, wasijue kwamba wanalitamka jina la watu waliotembea porini na mizigo kichwani. Pale mjini Dar es Salaam, kwenye sanamu iliyozinduliwa mwaka 1927, aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi tumemwachia jina la soko.

Basi nawaita walimu, wastaafu wenzangu, na vijana wenye kalamu: waandikieni watoto historia ya kweli.

Najua watakaosema kwamba mtoto hutaka hadithi za sungura na fisi, historia ni kavu. Siyo kweli. Historia tumeikausha sisi kwa kuwakaririsha watoto miaka bila watu. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alimchukua mtoto wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu, akatuonyesha alivyopanda hadi akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilitiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928. Nani ataiita historia hiyo kavu?

Wengine husema, tia chumvi kidogo ili mtoto afurahi. Hapo ndipo penye hatari. Sungura akisema, mtoto anajua ni hadithi. Lakini ukimtungia mpagazi wa kweli maneno asiyoyasema, au ukamfanya shujaa aliyeua simba watatu njiani, mtoto ataamini, kwa kuwa umemwambia ni historia. Siku atakapogundua, atayatilia shaka hata yale ya kweli uliyomwambia. Njia ya mwongo ni fupi, na anayeumia mwishoni mwake ni mtoto.

Kwa hiyo shikeni haya. Anzeni na kitu kidogo ambacho mtoto anakiona: jina la mtaa, kaburi la zamani, gofu la nyumba, chombo cha bibi. Waulizeni wazee, kisha yapimeni maneno yao kwa maandishi yaliyomo katika makumbusho na nyaraka za taifa; na maandishi nayo yapimeni kwa maneno ya wazee, maana mkoloni aliyeandika daftari la posho hakuula ule unga. Pasipojulikana, mwambieni mtoto wazi kwamba hapajulikani. Msimfiche uchungu, wala msimmwagie damu ukurasa mzima. Mwambieni mtu aliumwa, akafa mbali na kwao, inatosha. Halafu, kabla ya kupeleka kazi kwa mchapishaji, wasomeeni watoto kwa sauti. Wakianza kuchezea kandambili zao, jueni hapo pana kasoro.

Wiki iliyofuata nilimpelekea yule binti jibu lake. Akanyamaza kidogo, akisugua kidole kwenye ukingo wa baraza. "Na nani alikuwa anawapikia?" akauliza.

Nimerudi tena kwenye vitabu. Wewe nawe shika kalamu, ndugu yangu, maana maswali ya watoto ni mengi, na mzee mmoja hayamudu.