Fomu ya Kufunga Kizazi: Usiitie Dole Kabla ya Kuuliza

Leo tuzungumze juu ya kufunga kizazi. Wapo wazee watakaosema kijana kama mimi sina adabu kuandika mambo haya gazetini. Wanisamehe. Akina mama wanaokuja zahanati huuliza kwa kunong'ona, na jambo linalonong'onwa huingia uongo mwingi.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Mwanamke ana mirija miwili ya uzazi. Yai hupita humo na kukutana na mbegu ya mwanamume. Daktari hupasua sehemu ndogo ya tumbo, akaikata mirija hiyo na kuifunga. Mara nyingi mama hutiwa ganzi tu, naye huwa macho. Baadaye huendelea kupata siku zake kama kawaida. Si kweli kwamba damu hujikusanya tumboni.

Mwanamume naye ana mirija miwili inayopitisha mbegu. Kuifunga ni kazi ndogo kuliko ya mwanamke, kwa sababu tumbo halifunguliwi. Lakini wanaume wakisikia habari hii hukimbia, wakidhani watakuwa maksai. Maksai huharibiwa korodani. Mwanamume aliyefunga uzazi korodani zake zipo, ndevu zake zipo na nguvu zake zipo. Ila mbegu zilizokwisha pita huchukua muda kumalizika. Kwa hiyo kwa miezi 3 ya kwanza yeye na mkewe watumie kondomu au njia nyingine. Wengine hupuuza miezi hiyo, na mke akishika mimba husingiziwa kwamba ametoka nje.

Mama aliyezaa mara nyingi yumo katika hatari zaidi ya kutokwa na damu nyingi anapojifungua. Kama ameamua mwenyewe kwamba watoto aliopata wanatosha, njia hii itamfaa sana. Mimi naiunga mkono, ila kwa sharti moja: iwe kwa hiari. Njia hii ni ya maisha. Kufungua tena ni operesheni ngumu, na hakuna hakika kwamba itafaulu.

Wako wakubwa waliodhani kwamba hiari ni kupoteza wakati. Tazama nchi ya India. Mwaka 1975 serikali ya huko ilitangaza hali ya hatari. Mwaka uliofuata maofisa walipewa hesabu ya watu wa kuleta wafungwe uzazi. Kwa mwaka mmoja watu zaidi ya milioni 8 walifungwa, wengi wao wanaume, na wengi walilazimishwa. Mwezi Machi 1977 wananchi waliiangusha serikali hiyo kwa kura. Tangu hapo wanaume wa India wameiogopa huduma hii, na mzigo umewaangukia wake zao. Mwezi Novemba 2014, huko Bilaspur, wanawake 83 walipasuliwa kwa saa chache katika kambi moja. Zaidi ya 10 walikufa. Kazi ikihesabiwa kwa vichwa, mtu husahauliwa.

Ndiyo sababu nasema habari ya fomu. Kabla ya operesheni utapewa fomu ya kukubali. Wewe uliyejifunza kusoma, isome mwenyewe, neno kwa neno. Penye neno gumu, muulize muuguzi. Muulize pia juu ya njia ambazo si za daima, yaani vidonge, sindano, vijiti na kitanzi. Muulize itakuwaje mtoto akifa, au ukiolewa tena. Akikasirika kwa sababu unauliza, usitie sahihi.

Nisingependa mama aletewe fomu hiyo akiwa katika uchungu wa kuzaa. Mtu mwenye uchungu hukubali lolote. Mambo haya yazungumzwe mapema, kliniki, angali mzima na mwenye akili tulivu.

Na mume je? Ni vizuri mke na mume waelewane. Lakini mwenye mwili ndiye mwenye sahihi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitoa tamko kwamba asifungwe mtu kizazi bila kukubali mwenyewe, kwa hiari na akiwa ameelezwa yote. Mume hawezi kumtilia mkewe dole, wala mama mkwe hawezi. Mganga pia hawezi, hata akiona watoto wamekuwa 9.

Tena njia hii haizuii UKIMWI wala kisonono.

Mama akiisha tia sahihi, akafika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, kisha moyo ukakataa, aseme. Avae khanga zake arudi nyumbani. Kliniki ijayo akitaka sindano apewe, wala asiulizwe kwa nini alikimbia.