MAJARIBIO YA DAWA ZA KIHARUSI: TUSIKIMBIE, TUDAI



Yako maneno yanayozungushwa karakana na stesheni, kwamba madaktari wakija na majaribio ya dawa za kiharusi tuwakimbie, kwa kuwa Mwafrika hufanywa panya. Sisi tunayapinga maneno hayo.

Hofu yenyewe ina sababu. Kule Tuskegee, Marekani, tangu 1932 mpaka 1972, watu weusi wenye kaswende walitazamwa tu waugue, na penisilini ilipopatikana wakanyimwa. Rais wao aliomba radhi mwaka 1997, wengi wakiwa wamekwisha kuzikwa. Basi mzee anayeogopa sindano ya mgeni tusimcheke.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwaka 1995 Wamarekani walitangaza kwamba dawa iitwayo alteplase, ya kuyeyusha damu iliyoganda, inasaidia ikitolewa katika muda wa saa 3 tangu kiharusi kuanza. Walijaribu wagonjwa 624, wote huko kwao. Dawa hiyo hutaka kwanza picha ya ubongo, maana mwenye mshipa uliopasuka akipewa yaweza kumwua. Na utafiti wa Ghana na Nigeria uliotangazwa 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ulionyesha karibu theluthi moja walikuwa wa damu iliyovuja. Sasa mwenzetu akianguka katika stesheni ndogo ya bara, saa 3 humwishia akingali anatafutiwa gari. Nani atatafuta dawa inayomfaa huyo, kama si hapa kwetu?

Hospitali moja haiwezi, kwa kuwa wagonjwa wake hawatoshi kuhesabu. Marekani waliunda mtandao wao mwaka 2013, vituo 25 vya majimbo, kila kimoja na hospitali zake. Sisi watu wa reli twalijua jambo hili kuliko wakubwa. Reli ya zamani ina upana wa mita moja. Ile mpya iliyofunguliwa 2017 ina upana mwingine, na behewa la huku halipiti kule. Vivyo hivyo daktari wa Kampala akipima ulemavu kwa njia yake na wa Eldoret kwa njia yake, hesabu zao hazipiti. Kipo kipimo cha Rankin, 0 ni mzima na 6 ni maiti. Wote watumie hicho.

Wasituambie haiwezekani. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya majaribio ya dawa za presha kwa wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Ilionekana vidonge viwili pamoja, kimoja kikiwa amlodipini, hushusha presha ya Mwafrika kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Na presha ndiyo mama wa kiharusi! Tena babu zetu walitumikia Reli moja ya nchi tatu tangu 1948 hadi 1977. Kama mabehewa yalivuka Malaba, makaratasi ya daktari yashindwe na nini?

Ila hatutaingia kama mizigo. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kusema; mkewe au mwanawe ndiye atakayetakiwa kutia sahihi, kwa dakika chache, huku analia. Hiyo si ridhaa. Maelezo yatolewe mapema, kwa Kiswahili, katika mikutano ya chama na nyumba za wafanyakazi, watu wakiwa wazima na wanaweza kuuliza maswali. Dawa ikifaulu ibaki hapa, kwa bei ya mshahara wetu. Hata Azimio la Helsinki, la madaktari wenyewe, tangu 1964 na kurekebishwa mara nyingi, linataka mambo ya baada ya majaribio yapangwe kabla hayajaanza. Siku ya kliniki isikatwe mshahara. Na katika kamati inayopitisha majaribio akae mfanyakazi, asiwe karani wa mwajiri.

Waajiri watalia hawana fedha. Fedha za mazishi huchanga nani? Mashine ya kupima presha langoni ni kitu kidogo, na mtandao wote huanzia hapo, maana asiyepimwa hajulikani.

Kila katibu wa tawi alitie jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Majina ya watakaosema na madaktari kwa niaba yetu yaletwe ofisini, wawili kila tawi, na mmoja awe mwanamke.