Elimu ya ng'ambo inapomrudisha mtaalamu Ziwa Nyasa

KWA wakazi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ng'ambo ni Malawi, upande wa pili wa Ziwa Nyasa. Lakini kijana wa mwambao huo anayetaka kuwa bingwa wa viumbe wa ziwa lake hulazimika kutazama ng'ambo iliyo mbali zaidi. Sababu si uhaba wa samaki. Sababu kubwa ni historia.

Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Katika taaluma ya uainishaji, kila aina inayopewa jina la kisayansi huwekewa sampuli ya rejea, ambayo watafiti wa baadaye huitumia kulinganisha samaki waliowapata. Sampuli nyingi za Ziwa Nyasa zilipelekwa London. John Kirk, aliyefuatana na David Livingstone na baadaye kuwakilisha Uingereza Zanzibar, alikusanya samaki ambao Albert Günther aliwaeleza kitaalamu mwaka 1864. Mkusanyiko wa Cuthbert Christy wa mwaka 1925 na 1926 ulikuwa msingi wa kazi ya Ethelwynn Trewavas iliyochapishwa mwaka 1935.

Hivyo, mtoto wa mvuvi anaweza kuwatambua mbasa, usipa na mbuna kabla hajaanza shule, lakini kuthibitisha kitaalamu kwamba samaki fulani ni aina mpya kunamhitaji afike kwenye makabati ya makumbusho za wengine.

Dk. Benjamin Ngatunga ni mfano wa Mtanzania aliyepita njia hiyo. Alisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, lakini swali la utafiti alilitoa nyumbani: samaki wa Ziwa Nyasa wa kundi la Lethrinops, ambao huchekecha mchanga wa chini ya maji kutafuta chakula. Mwaka 2003, yeye na Jos Snoeks wa Ubelgiji walitangaza aina mpya, Lethrinops turneri. Baadaye aliiongoza Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) akiwa Mkurugenzi Mkuu. Mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti ulioonyesha kuwa silikanti wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania wanatofautiana kinasaba na wale wa Comoro.

Mashariki ya Mbinga, katika mkoa huo huo wa Ruvuma, historia inafanana. Donald Mpanduji, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), alishirikiana na watafiti wa Berlin, Ujerumani, kufuatilia nyendo za tembo kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji. Matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 2002. Ujerumani ilitoa ushirikiano wa kitaalamu, lakini tembo walikuwa wa Namtumbo na Tunduru, na mtafiti alikuwa na kazi ya kurejea Morogoro.

Mifano hiyo miwili inabeba fundisho moja. Masomo ya nje humjenga mtaalamu wa wanyamapori pale anapoondoka na swali la kwao na kurudi kwenye ajira inayomsubiri. Akikosa swali, huishia kuwa msaidizi wa utafiti wa wengine. Akikosa ajira, taifa humpoteza, hata kama alisomeshwa kwa fedha za umma.

Hasara hiyo haiishii vyuoni. Mvuvi wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, anapotakiwa kubadili nyavu au kuyaacha mazalia, ana haki ya kuelezwa ni samaki gani anayelindwa na kwa nini. Maelezo hayo hueleweka zaidi yakitolewa na mtu anayelijua jina la kisayansi na pia jina la samaki huyo ufukweni.

Si kila hatua inahitaji pasipoti. Chuo cha Mweka kimekuwa kikifundisha usimamizi wa wanyamapori tangu mwaka 1963, na SUA pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada katika fani hiyo. TAFIRI nayo ina kituo Kyela, kaskazini mwa ziwa. Hapo ndipo msingi unapopaswa kujengwa, kisha safari ya nje ifuate pale penye sampuli, maabara au mwalimu asiyepatikana nchini.

Wanaotoa ufadhili wangeweza kuanza kwa kumwuliza mwombaji maswali mawili: anakwenda kutafuta jibu la swali gani la nyumbani, na nani atampokea akirudi? Nao wanaosimamia elimu Ruvuma wana swali lao: ni wanafunzi wangapi wa mwambao wa Nyasa wanaofika kidato cha sita wakiwa na somo la baiolojia? Bila hao, samaki wa Mbamba Bay wataendelea kusomwa na wageni, na wenyeji watabaki kuwa wapiga makasia wa mitumbwi ya watafiti.