Kofia Pekee Haimlindi Bondia

Mchezo wa ngumi za ridhaa umeipatia nchi yetu heshima kubwa. Mwaka 1970 Titus Simba alirejea kutoka Edinburgh na medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1998 Michael Yombayomba alitwaa dhahabu mjini Kuala Lumpur. Mwaka 2022, mjini Birmingham, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walipata shaba. Simba alipigana kichwa wazi, Yombayomba akapigana amevaa kofia ya kinga, na Changalawe na Mbundwike wakapanda ulingoni kichwa wazi tena.

Mabadiliko hayo yamewaacha wananchi wengi na maswali. Mzazi wa Magomeni hapa Mtwara, ambaye mwanawe anajifunza ngumi kila jioni, anauliza kwa haki kabisa: ikiwa kofia ni kinga, kwa nini wakubwa wa mchezo waliivua? Na ikiwa si kinga, kwa nini mwanangu analazimishwa kuivaa? Swali hilo linastahili jibu lililo wazi, kwa sababu linahusu uhai wa vijana wetu.

Chama cha Kimataifa cha Ngumi za Ridhaa, AIBA, kiliifanya kofia kuwa ya lazima mwaka 1984, na michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka huo ikawa ya kwanza kuitumia. Mwaka 2013 chama hichohicho kiliiondoa kwa wanaume wakubwa, na kwenye Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016 wanaume walipigana bila kofia. Wanawake na vijana waliachiwa kofia yao. Madaktari wa AIBA walieleza kwamba katika raundi zipatazo 15,000 walizozichunguza, mtikisiko wa ubongo ulionekana mara chache zaidi kwa waliopigana bila kofia kuliko kwa walioivaa. Madaktari wengine hawakuridhika na hesabu hiyo, na ubishi haujakwisha. Lililo dhahiri kwa kila mtu ni kwamba baada ya kofia kuvuliwa, kuchanika nyusi na uso kuliongezeka sana.

Hapo ndipo ilipo siri ya kofia. Kazi inayoiweza ni kuzuia ngozi isichanike, masikio yasivimbe, na vichwa viwili visipasuane vinapogongana. Kuuzuia ubongo usitikisike haiwezi. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama maji ndani ya mtungi. Ukiuvika mtungi sponji nene kisha ukauzungusha kwa ghafla, maji yatayumba vilevile. Ngumi inayotua ubavuni mwa taya hukizungusha kichwa, ubongo huchelewa kukifuata, na mishipa midogo ya damu inaweza kukatika. Damu hiyo haionekani kwa macho. Bondia huweza kushuka ulingoni kwa miguu yake, akaongea na rafiki zake, kisha akaanguka baada ya saa moja au mbili.

Zaidi ya hayo, kofia hukiongezea kichwa ukubwa, hupunguza upeo wa macho ya pembeni, na humpa kijana ujasiri wa uongo wa kupokea ngumi ambazo angezikwepa. Kofia kuukuu, ambayo sponji yake imekufa na ambayo huvaliwa na vijana kumi kwa zamu, hubaki kuwa pambo tu.

Hatusemi kofia zitupwe. Vijana, wanawake na wote walio mazoezini waendelee kuzivaa, na ziwe nzima na zenye kuwakaa vizuri. Tunachokataa ni fikra kwamba mwandaaji aliyekwisha kununua kofia mbili amemaliza wajibu wake.

Kinga ya kweli ya bondia iko mikononi mwa watu. Daktari ampime kabla ya pambano na amwangalie tena baada yake. Mwamuzi awe na moyo wa kusimamisha mchezo hata watazamaji wakimzomea. Mwalimu awe tayari kurusha taulo. Wapinzani walingane kwa uzito, umri na uzoefu. Juu ya yote, aliyepigwa nokauti apumzishwe. Kanuni za ngumi za ridhaa zinataka bondia aliyesimamishwa kwa sababu ya ngumi za kichwa akae nje kwa siku zisizopungua 30, na muda huo huongezwa akiwa alizimia au akipigwa tena. Kanuni hiyo haina nguvu pasipo daftari. Kijana aliyeangushwa Mtwara Jumamosi anaweza kupanda ulingoni Lindi Jumamosi ifuatayo, akiwa na ubongo usiopona, na asiwepo hata mtu mmoja wa kumzuia.

Kifo cha bondia wa kulipwa Hassan Mgaya, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2024 baada ya pambano jijini Dar es Salaam, kilitukumbusha kwamba jambo hili si la kubuni. Na ikiwa msiba umeweza kutokea katika mji wenye hospitali kubwa kuliko zote nchini, sisi wa kusini hatuna budi kuongeza tahadhari. Kutoka Mtwara hadi Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili ni safari ya kilomita zipatazo 560. Kwa ndugu zetu wa Songosongo na Mafia kuna bahari pia, na bahari haimwonei huruma mgonjwa. Damu inayovuja ndani ya fuvu haingoji maji yajae wala upepo utulie.

Ndugu zetu wa Zanzibar nao wanayo nafasi ya pekee. Ngumi, zilizopigwa marufuku huko tangu enzi za Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, ziliruhusiwa tena mwaka 2022. Anayejenga upya huchagua msingi wake. Ni rahisi zaidi kuanza na utaratibu mwema kuliko kuja kuurekebisha baada ya mazishi.

Tunatoa rai kwa maofisa michezo wa wilaya na mikoa, Bara na Visiwani: kibali cha pambano kisitolewe mpaka yathibitishwe mambo matatu. La kwanza, daktari awepo ukumbini tangu ngumi ya kwanza hadi ya mwisho. La pili, gari, au chombo cha baharini kwa visiwani, kiwe tayari, na hospitali itakayompokea majeruhi iwe imearifiwa mapema. La tatu, kila bondia awe na daftari lake la afya, lenye kumbukumbu ya kila nokauti na tarehe ya kuruhusiwa kurudi.

Watakuwapo watakaosema masharti hayo ni ghali. Daftari halishindi bei ya tiketi chache za mlangoni. Na mwandaaji asiyeweza kumlipa daktari kwa usiku mmoja aahirishe pambano lake mpaka aweze. Vijana hawa ni amana tuliyokabidhiwa na wazazi wao, na ofisa anayetia sahihi kibali ajue kwamba sahihi hiyo ni dhamana ya kuwarudisha nyumbani salama.